Kasi, Kutoroka na Kifo: Mizani ya Michezo ya Mapangoni

Michezo ya mapangoni ni jamii ya michezo ya kompyuta ambamo mchezaji humwongoza mhusika mmoja kushuka tabaka kwa tabaka katika mapango yaliyojaa mazimwi, akiokota silaha, dawa na hati za uganga, huku akitafuta hazina au adui aliyejificha chini kabisa. Mama wa jamii hii ni Rogue, uliotungwa mnamo mwaka 1980 na Michael Toy na Glenn Wichman walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz. Baada yake ukaja Moria wa Robert Koeneke kule Oklahoma mwaka 1983, NetHack mwaka 1987, Angband ulioanzia Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, mwaka 1990, Dungeon Crawl wa Linley Henzell mwaka 1997, na Brogue wa Brian Walker mwaka 2009. Mapango huchorwa upya na kompyuta kila mchezo unapoanza, na mhusika akifa amekufa. Hakuna kurudi nyuma kujaribu tena.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalomtesa mtungaji. Mchezaji aliyetumia juma zima kumlea mhusika wake atakubali afe, lakini atataka kuona mahali alipokosea. Kifo kisichoonyesha kosa humfanya aufute mchezo. Kwa hiyo kuna mambo matatu ambayo hayana budi kupimwa kwa pamoja: mhusika anakwenda kasi gani, ana njia zipi za kutoroka, na mazimwi ni wakali kiasi gani. Watungaji wachanga huyapima kila moja peke yake. Wanapandisha nguvu ya zimwi, wanaona wachezaji wanakufa mno, wanaongeza hati za kutorokea, wanaona sasa hakuna anayekufa, wanapandisha tena nguvu ya zimwi. Hawafiki popote, kwa sababu mambo hayo matatu ni hesabu moja, na sarafu yake ni zamu. Zimwi wa kuogopwa ni yule anayemwachia mchezaji maamuzi machache zaidi kati ya kuonekana kwake na kifo, hata kama wapo wengine wanaopiga kwa nguvu kumshinda.

Zamu na nishati

Karibu michezo yote hii huenda kwa zamu: mchezaji akishatenda jambo moja, mazimwi hutenda yao, kisha kila kitu husimama kumngoja. Ugumu unaanza pale kiumbe mmoja anapokuwa mwepesi kuliko mwingine. Njia iliyo wazi kuliko zote kuisoma ni ya Angband. Humo kila kiumbe ana akiba ya nishati. Kila mpigo wa saa ya mchezo humwongezea kiasi fulani, na akifikisha 100 anapata zamu. Mwenye kasi ya kawaida hupata 10 kwa mpigo, kwa hiyo hutenda mara moja katika mipigo kumi. Mwenye kasi ya +10 hupata 20, mwenye +20 hupata 30. Baada ya hapo jedwali la nishati linaanza kubana: +30 ni 38 tu, +40 ni 42, na hata ukirundika pete na viatu vya kasi mwili mzima hutapita 49.

Hapo kuna jambo la kutazamwa kwa makini. Nyongeza ya kumi ya kwanza inazidisha zamu mara mbili. Ya pili inaongeza nusu ya ulichokuwa nacho. Ya tatu inaongeza kama robo. Ndiyo maana mhusika mchanga akipata chupa moja ya dawa ya kasi huiweka akiba kwa siku mbaya, wakati upanga mzuri anautumia papo hapo. Upanga huongeza mapigo tu, na ngao hupunguza maumivu tu. Kasi huongeza mapigo, tiba, uganga na kutoroka kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa vyote hivyo hununuliwa kwa zamu. Kubana kwa jedwali ni jitihada ya kuzuia mchezo mzima usigeuke mbio za kutafuta kasi. Kwa maoni yangu jitihada hiyo ilifaulu nusu tu. Wasikilize wachezaji wa Angband walioshuka chini sana: swali la kwanza wanaloulizana ni kasi.

Na wana sababu. Adui wa mwisho, Morgoth, hukaa tabaka la 100 akiwa na kasi ya +30 na uhai wa pointi 20,000. Anayemwendea kwa kasi ya kawaida atatenda mara moja kila Morgoth anapotenda karibu mara nne. Anayemwendea kwa +20 anapambana kwa uwiano wa 30 kwa 38, maana yake takriban kila baada ya zamu tatu au nne adui hupata zamu mbili mfululizo. Zamu hiyo ya pili ndiyo inayoua. Mchezaji aliyepoteza nusu ya uhai wake akadhani ana nafasi ya kunywa dawa, kumbe hana, hakuuawa na nguvu ya pigo. Ameuawa na hesabu ya zamu.

Tuutazame mfano mmoja kwa karibu. Tuseme mhusika ana uhai 300 na kasi ya kawaida, na amefungua mlango akakuta joka mwenye uhai 1,200 na kasi ya +10. Katika Angband pumzi ya moto hupimwa kwa uhai ambao joka anao wakati huohuo, nayo ni theluthi yake. Pumzi moja basi ni 400. Asiye na kinga ya moto amekwisha. Mwenye kinga hupata theluthi ya madhara, kama 133, lakini joka ana zamu mbili kwa moja yake, na akipuliza zote mbili jumla ni 266. Mhusika anabaki na 34 na uamuzi mmoja mkononi, nao hauwezi tena kuwa wa kupigana. Sasa mhusika huyohuyo angekuwa amekunywa dawa ya kasi kabla ya kugusa mlango. Pumzi ingekuja moja kwa kila kitendo chake: angebaki na 167, akaamua, kisha na 34, akaamua tena. Dawa haikumpunguzia moto hata chembe. Imemwongezea uamuzi mmoja.

Kweli, joka hapulizi kila zamu. Hilo huamuliwa na kete, na mara nyingine humsogelea tu akamng'ata. Lakini mzoefu huhesabu mabaya kwanza, kama mchezaji wa bao anavyozihesabu kete za mwenzake kabla hajazigusa zake. Kanuni yao ni fupi: usibaki mahali unapoonwa na kiumbe anayeweza, katika zamu alizo nazo kabla ya yako, kumaliza uhai ulio nao sasa.

Kanuni ya pumzi ina uzuri wake mwingine. Kwa kuwa madhara hufuata uhai uliobaki, joka aliyejeruhiwa hadi 600 hupuliza 200 tu. Hatari kubwa basi ipo mwanzo wa pambano na hupungua kadiri unavyoshinda, wakati michezo mingi humfanya adui awe mkali zaidi anapokaribia kufa. Utaratibu wa Angband unamlipa anayejiandaa nje ya mlango, na unamwadhibu anayeingia kwanza akafikiri baadaye.

NetHack umechukua njia nyingine. Kasi ya kawaida ni 12, na wengine hupimwa dhidi yake. Siafu-askari, mdudu anayeogopwa na kila aliyewahi kuucheza mchezo huo, ana 18, yaani zamu tatu kwa mbili za mchezaji, na kila zamu ana mashambulizi mawili, la kung'ata na la kudunga kwa sumu. Ukimkimbia anakuwahi, ukisimama anakutafuna. Katika matoleo ya zamani mgawanyo wa zamu za mazimwi ulitabirika: moja, mbili, moja, mbili. Mchezaji mwenye subira aliweza kupiga na kurudi nyuma kwa kufuata mdundo huo. Matoleo ya 3.6 yalitia bahati ndani yake, na mdundo haukuhesabika tena. Hapo wachezaji wamegawanyika. Wapo wanaosema bahati imeua ustadi. Mimi naona imeua ujanja wa kuhesabu, ambao mara nyingi ulikuwa unachosha, na ikauacha ustadi wenyewe, yaani kuondoka mapema.

Bei ya kutoroka

Njia ya kutoroka isiyo na gharama huifuta hatari yote iliyotungwa juu yake. Kwa hiyo kila njia nzuri ina kasoro iliyowekwa kwa makusudi, na ubora wa mchezo huonekana katika aina ya kasoro hizo.

Angband ndio wenye ngazi kamili ya mbinu hizi. Ya chini kabisa ni hati ya mruko mfupi, inayomrusha mhusika hadi miraba kumi hivi. Ni rahisi, inauzwa dukani, na inafaa sana dhidi ya wanaopiga kwa mikono. Dhidi ya anayepuliza au kurusha mishale haina faida, kwani mara nyingi bado uko machoni pake, tena sasa mmeachana kwa umbali anaoupenda yeye. Juu yake kuna hati ya kuhamia mbali, yenye uwezo wa miraba 100. Inakutoa kwa joka unayemjua na kukutupa usikokujua, pengine katikati ya kundi lililolala. Kisha kuna hati ya kurudi mjini, ambayo husubiri kati ya zamu 15 na 35 hivi kabla ya kufanya kazi. Nayo haitumiki kuokoa roho papo hapo. Ni ya mtu aliyeona mbali kwamba mambo yanaharibika.

Zaidi ya hapo kuna fimbo ya kumhamisha mwingine: badala ya kuondoka wewe, unamwondoa yeye. Kwa hesabu ya zamu hiki ndicho chombo bora kuliko vyote, kwa kuwa mahali unapobaki unapajua. Kasoro yake ni kwamba fimbo inaweza kushindwa kutoa uganga wake, inamwondoa tu aliye kwenye mstari ulioelekeza, na zimwi bado yupo, yuko macho, na anakujia.

Juu ya kasoro hizo mchezo unaweka tabaka jingine: mazimwi wanaoshambulia uwezo wenyewe wa kutoroka. Kipofu hasomi hati. Aliyechanganyikiwa hasomi hati. Kwa hiyo mchezaji mwenye hati kumi za kuhama anaweza kufa nazo mkobani, naye hujifunza kubeba njia za aina tofauti: dawa ya kumfungua macho, na mkongojo wa kuhama ambao hauhitaji kusomwa. Kupooza ni kubaya zaidi, kwa sababu anayepooza ana zamu sifuri. Wachezaji wa Angband hawashuki chini ya matabaka fulani bila pete au glavu za kuwakinga na kupooza, na hilo halitokani na ukali wa mapigo ya wenye uwezo huo. Wengi wao hupiga kidogo tu. Wana muda wote wa kupiga.

Katika Dungeon Crawl, unaoendelezwa na jumuiya kwa jina la Stone Soup tangu 2006, gharama imewekwa kwenye muda. Hati ya kuhama haifanyi kazi papo hapo. Inakuchukua baada ya zamu chache, na zamu hizo lazima uishi. Ipo nyingine ya mruko wa papo hapo unaouelekeza mwenyewe, lakini hupatikana kwa nadra. Huu ni mgawanyo mzuri sana. Ile ya kawaida inamlazimisha mchezaji akubali kushindwa akiwa bado na uhai wa kutosha, na ile adimu imebaki kwa ajili ya makosa.

NetHack ulikuwa na njia karibu ya bure: kuandika sakafuni neno Elbereth, lililotoka kwa mwandishi Tolkien. Mazimwi walio wengi hawakuthubutu kumshambulia aliyesimama juu yake, isipokuwa binadamu, minotauro na wachache wengine. Kwa miaka mingi mchezaji aliweza kusimama hapo na kupiga mishale kwa raha zake. Kuanzia matoleo ya 3.6, maandishi hufutika ukishambulia ukiwa juu yake, na kila zimwi anapotishwa nayo kuna bahati moja katika saba kwamba yatafutika yenyewe. Kelele zilikuwa nyingi. Lakini kilichobaki ndicho kilichostahili kuwepo tangu mwanzo: mahali pa kupumulia, pasipo kuwa ngome.

Ngazi

Kila mchezo wa jamii hii una ngazi za kupandia na kushukia, na hakuna kitu kinachobadilisha mizani kuliko jibu la swali hili: ukikanyaga ngazi, nani anakufuata?

Katika Angband hakuna anayekufuata, na tabaka uliloliacha linafutwa kabisa. Kuna hata chaguo linalokufanya utue juu ya ngazi nyingine kila unaposhuka. Kwa chaguo hilo mchezaji anaweza kuteremka kwa kasi ya ajabu, akichungulia kila tabaka na kuondoka asipolipenda. Ndiyo sababu mazimwi wa Angband wanaruhusiwa kuwa katili: mlango wa kutokea u wazi, na aliyekufa mara nyingi alikuwa mbali nao kwa hiari yake. Katika NetHack na Dungeon Crawl, zimwi aliye mraba wa jirani hupanda au kushuka pamoja nawe. Ngazi huko hazikutoi kwenye pambano, zinalipunguza: kundi la kumi linageuka wawili au watatu waliokuwa karibu. Tofauti hii ndogo ya kanuni inatosha kueleza kwa nini zimwi aliyehamishwa kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine, kwa takwimu zilezile, huwa hafai.

Kutoroka kuna mkia wake: kupumzika. Aliyetoroka akaweza kulala hadi apone bila gharama amefuta kila kilichotokea. Rogue na NetHack iliweka njaa kuwa bei ya kupumzika. Dungeon Crawl uliiondoa njaa katika toleo la 0.26 la mwaka 2021, ukaweka saa inayomwadhibu anayezubaa mno katika eneo moja. Mtindo wa zamani wa kuzunguka nguzo, zimwi wa kasi sawa akikufuata bila kukufikia huku uhai wako unarudi kidogo kidogo, nao umepigwa vita humo kwa miaka, na watungaji wake wana haki. Mtu hafungui mchezo jioni ili azunguke nguzo mara mia mbili.

Mhusika mwepesi na zimwi mwepesi

Dungeon Crawl ndio unaoonyesha vizuri kasi kama bei ya kuzaliwa. Hatua ya kawaida huchukua vipande 10 vya muda. Mhusika wa kabila la Spriggan hutumia 6, wa kabila la Naga hutumia 14. Mtu angedhani Spriggan ni mchezo wa watoto, lakini uhai wake ni mdogo mno, hivyo anaweza kukimbia karibu kila kitu na kustahimili karibu hakuna. Naga ni mnene wa uhai, ana sumu ya kutema, na hatoroki. Mchezaji wa Naga hana budi kuamua kama atapigana mapema zaidi, akiwa bado hajagusana na adui. Wote wawili wanacheza mapango yaleyale, na mapango hayo yanageuka kuwa mawili tofauti bila zimwi hata mmoja kubadilishwa.

Kwa upande wa mazimwi, Brogue una somo zuri kwa kuwa umetenganisha kutembea na kupiga. Mbweha hutembea mara mbili ya mwendo wa mchezaji lakini ana uhai 8 tu: humkimbii, ila mapigo mawili yanamtosha. Tandu na mzuka-maiti hutembea nusu ya mwendo wako na huumiza vibaya, kwa hiyo wanaua yule aliyekwama ukutani au aliyeng'ang'ania. Zimwi-jitu wa matabaka ya juu ana uhai 55 na pigo la 9 hadi 13 kwa mhusika aliyeanza na 40, ila kila pigo lake humchukua zamu mbili. Hakuna kati yao aliye mwepesi, mkali na mgumu kwa pamoja, na ndiyo sababu kila mmoja ana jibu lake. Tena katika Brogue kuua hakumwongezei mhusika nguvu, nguvu hutoka kwenye vitu anavyookota. Anayekimbia basi hajapoteza chochote. Michezo inayolipa kwa kila mzoga humsukuma mchezaji abaki kwenye pambano baya, halafu inamlaumu kwa tamaa.

Kasi ya zimwi peke yake haisemi lolote. Jicho linaloelea katika NetHack lina kasi ya 1, na lile la Angband halisogei kabisa. Yote mawili yameua wageni wasiohesabika, kwa kuwa yanapoozesha. Huhitaji zamu yoyote kumkimbia jicho, unahitaji tu kutomsogelea. Ni kifo kinachoudhi, lakini kina haki: alama ilikuwa mbele yako, imesimama.

Wasio na haki ni wale wasioonekana. Mbwa wa pepo wa Angband huja kwa kundi, wengi ni wepesi, na hupuliza wakiwa wengi kwa wakati mmoja. Mwenye uganga wa kuwatambua kutoka mbali ana zamu tano au sita za kurudi kwenye ujia mwembamba ambapo mmoja tu atamwona. Asiye nao anakutana na pumzi sita kwa mpigo. Kundi ni lilelile na takwimu ni zilezile, kilichotofautiana ni umbali wa kuona. Kwa hiyo mtungaji anayepima mizani asianze na nguvu ya pigo. Aanze na umbali ambao zimwi huonekana, augawe kwa tofauti ya kasi, apate zamu za tahadhari, kisha aulize kama ndani ya zamu hizo mhusika wa tabaka hilo ana angalau njia moja inayofanya kazi. Kama hana, zimwi huyo ashushwe matabaka kadhaa chini.

Michezo inayokwenda mfululizo bila zamu haikuikwepa hesabu hii. Diablo wa mwishoni mwa 1996 ulianza kutungwa kama mchezo wa zamu kabla mtungaji wake David Brevik hajaugeuza, na mhusika wake hutembea tu mapangoni. Diablo II wa mwaka 2000 uliruhusu kukimbia, ukaweka pumzi inayokwisha, na ulinzi wa anayekimbia hauhesabiwi. Kwenye simu, Pixel Dungeon na mrithi wake Shattered Pixel Dungeon hutumia kanuni zilezile: kaa wa matabaka ya kwanza hutembea mara mbili ya mchezaji, na ndiye anayemfundisha mgeni kwamba kukimbia si jibu la kila kitu.

Angband, NetHack, Stone Soup na Brogue yote hupatikana bure, pamoja na msimbo wake, wala haihitaji kompyuta ya bei kubwa. Anayetaka kuielewa mizani hii kwa mikono yake afungue faili la mazimwi la Angband, ambalo ni maandishi ya kawaida, atafute mbwa mmoja wa matabaka ya juu mwenye kasi iliyoandikwa 110, ambayo ndiyo kasi ya kawaida, aandike 120, kisha aucheze mchezo huo jioni moja bila kugusa kitu kingine chochote.